Bereti Jijini Nairobi: Kofia ya Askari na Pambo la Raia

Utangulizi

Makala haya yanaichunguza bereti, kofia ya sufu isiyo na ukingo, kama ishara inayosomwa na wakazi wa Nairobi kila siku, hasa katikati ya jiji na katika mitaa ya magharibi kuanzia Westlands na Lavington hadi Kangemi, Kawangware na soko la Toi. Wanafunzi wa fasihi wamezoea kulijadili vazi linapokuwa ndani ya kitabu. Tamthilia ya Euphrase Kezilahabi, Kaptula la Marx, imewafundisha wengi jinsi nguo moja isiyomkaa mvaaji inavyoweza kubeba tathmini nzima ya siasa ya nchi. Vazi lililo barabarani, ambalo halikubuniwa na mtunzi yeyote, aghalabu hupitwa bila kusomwa. Bereti inastahili kusomwa kwa sababu ni miongoni mwa mavazi machache ambayo serikali, mlinzi wa lango, mwanamuziki na msichana wa mitindo wote huyadai, kila mmoja kwa maana yake.

Neno lenyewe limeingia katika Kiswahili kutoka Kifaransa kwa njia ya Kiingereza, na Kifaransa kililipata kutoka lahaja ya Béarn, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lililotaja joho lenye kifuniko cha kichwa. Katika Kiswahili limekaa katika ngeli ya I-ZI, ingawa mitaani husikika pia mabereti. Ikumbukwe kwamba halikuja katika lugha iliyokuwa maskini wa msamiati wa kichwani. Kofia, tarbushi, chapeo na kilemba yalikuwapo tayari, nalo kila moja na historia yake: tarbushi kwa njia ya Waarabu, chapeo kwa njia ya Wareno. Kilemba ndilo neno lililozaa zaidi. Ni kitambaa cha kichwani. Ni ada anayopewa fundi mwanagenzi wake anapohitimu. Ni sehemu ya malipo ya harusi. Aidha, kuna kilemba cha ukoka, yaani sifa za bure za kumfanya mtu ajione ametukuzwa ilhali amevikwa nyasi. Nahau hii ya mwisho inafaa kuwekwa akilini, maana ina kazi hapo mbele.

Kutoka malishoni hadi kwenye vifaru

Kabla ya kuwa ya kijeshi, bereti ilikuwa kofia ya wachungaji na wakulima wa milima ya Pirenei, mpakani mwa Ufaransa na Uhispania. Hufumwa kwa uzi wa sufu, kisha hupondwapondwa katika maji ya moto mpaka nyuzi zishikamane na kuwa kitambaa kizito kisichopitisha maji upesi. Jeshi la Ufaransa liliwavisha askari wake wa milimani bereti pana mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza walifuata baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na sababu yao ilikuwa ya kifundi kuliko ya urembo. Askari wa kifaru alihitaji kofia isiyo na ukingo ili aweze kusogeza jicho karibu na kioo cha kulengea shabaha, na ili aweze kuvaa visikilizio juu yake. Kadhalika, alihitaji rangi isiyoonyesha madoa ya grisi. Ndiyo maana bereti ya kikosi cha vifaru cha Uingereza, iliyoidhinishwa mwaka wa 1924, ilikuwa nyeusi. Jenerali Montgomery alipoivaa huko Afrika Kaskazini mwaka wa 1942, ikiwa na beji mbili badala ya moja, kofia ya fundi wa mitambo ikawa kofia ya mkuu wa jeshi.

Mwaka huo huo askari wa miavuli wa Uingereza walipewa bereti ya rangi ya damu ya mzee, na makomando wakapewa ya kijani. Tangu hapo rangi ikawa sarufi. Umbo ni lile lile, kama mzizi wa neno, ila rangi na beji huuambia umma mvaaji ni wa ngeli gani. Ndivyo ilivyo hata katika majeshi ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa. Mwanajeshi wa Kenya aliyepelekwa Namibia mwaka wa 1989, au Sierra Leone baadaye, alivua bereti ya kikosi chake na kuvaa ya samawati. Mtu hakubadilika, wala bunduki yake. Kilichobadilika ni anayemtuma, na badiliko hilo lote lilitangazwa na kipande cha sufu.

Katika Afrika Mashariki bereti ni mgeni wa juzi. Askari wa kikoloni wa mwanzo, wa upande wa Wajerumani na wa Waingereza pia, walitambulika kwa tarbushi na kofia nyingine za namna hiyo. Wale wa King's African Rifles waliopigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili walivaa kofia pana zilizokunjwa ukingo upande mmoja. Anayepita Kenyatta Avenue anaweza kuisoma historia hiyo kwenye sanamu za shaba za ukumbusho wa askari na wachukuzi wa Afrika, zilizosimamishwa mwaka wa 1928. Hakuna bereti vichwani mwao. Hatua chache kutoka hapo, katika Kimathi Street, Dedan Kimathi aliyezinduliwa kwa shaba mwezi wa Februari 2007 amevaa magwanda ya kivita na kushika silaha, lakini kichwani ana misokoto ya nywele tu. Mpiganaji wa msituni hakuwa na kofia ya kumtambulisha kwa serikali, na wala hakuitaka.

Kuna jambo la kiufundi linalofaa kutajwa hapa kwa sababu huonekana kwa macho. Bereti mpya haina umbo. Kuruta huilowesha kwa maji ya moto, huivaa ikiwa mbichi, huivuta upande wa kulia, huilaza ukingo wa ngozi juu ya nyusi, kisha huiacha ikauke kichwani ili ijifunze kichwa hicho. Beji hukaa juu ya jicho la kushoto. Bereti ya askari mzoefu hulala kama jani; ya asiyefunzwa husimama kama uyoga. Hivyo basi, hata kabla ya rangi kusomwa, mlalo wenyewe umekwisha kusema.

Hata hivyo, kwa hali ya hewa ya tropiki bereti ni kofia mbaya. Haimkingi mvaaji jua machoni, hunyonya jasho, na mvua ikizidi huwa nzito. Jeshi la Marekani liliipa askari wake wote bereti nyeusi mwaka wa 2001, na kufikia 2011 likawarudishia kofia ya ukingo kwa sare ya kazi baada ya malamiko ya namna hiyo. Wala si kofia ya kupigania. Magaidi walipovamia jumba la Westgate huko Westlands mwezi wa Septemba 2013, na hoteli ya DusitD2 katika eneo la Riverside mwezi wa Januari 2019, vikosi vilivyoingia ndani viliingia na helmeti. Bereti hubaki kwa gwaride, kwa doria na kwa kusimama mbele ya watu. Kwa ufupi, ni kofia ya kuonekana.

Nyekundu ya GSU

Hakuna bereti iliyoonekana zaidi katikati ya Nairobi kuliko nyekundu ya kikosi cha GSU. Kikosi hiki cha polisi kina asili yake katika kampuni ya dharura iliyoundwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940, kikapata jina lake la sasa mwaka wa 1953 wakati wa vita vya Mau Mau, na makao yake makuu yako Ruaraka. Wanafunzi wa vyuo vikuu walikifahamu kabla ya watu wengine wengi. Kwa vizazi kadhaa vya wanachuo wa Nairobi, taarifa kwamba wekundu wameonekana karibu na mabweni ilitosha kuwatoa watu vitandani. Tarehe 7 Julai 1997 askari waliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote na kuwapiga waliokuwamo, siku ya maandamano ya kudai mabadiliko ya katiba. Katika siku za Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua ghasia, askari wa GSU waliizunguka bustani ya Uhuru Park bega kwa bega ili upinzani usiingie. Waliopita Uhuru Highway siku hizo hawakuhitaji tangazo la redio.

Umma nao ulijibu kwa lugha. Herufi GSU zilipewa ufafanuzi wa Kiswahili usiofuatana nazo hata kidogo: Fanya Fujo Uone. Jina hili la utani lina sarufi inayostahili dakika chache za darasani. Kitenzi cha kwanza ni amri, cha pili kiko katika dhamiri tegemezi, na kati yao hapana kiunganishi. Muundo ni ule wa kumwalika mtu: njoo ule, keti upumzike. Ila hapa anayealikwa anaalikwa kwenye maumivu. Zaidi ya hayo, kitenzi uone hakina yambwa. Kitakachoonwa hakitajwi, na kutotajwa huko ndiko kunakotisha. Kiswahili kina mazoea haya tangu zamani, kwani anayeambiwa kwamba atakiona cha mtema kuni haambiwi pia ni kitu gani. Baadhi ya watu hulichukua jina hilo kuwa mzaha mtupu wa mitaani. Mtazamo huo una upungufu. Raia aliyelibuni aliingia katika kinywa cha askari na kusema kile ambacho bereti ilikuwa ikisema kimyakimya. Ni tafsiri, tena tafsiri sahihi.

Bereti ya soja

Ukitoka katikati ya jiji kuelekea magharibi, bereti huongezeka badala ya kupungua, ila maana yake hupinduka. Jioni, katika barabara zinazotoka Kawangware kwenda Lavington, na zile zitokazo Kangemi kwenda Loresho na Westlands, hupita wanaume na wanawake wengi kwa miguu, wengine wamezikunja bereti na kuzitia mifukoni au chini ya lepe la bega. Hao ni walinzi wa kampuni za binafsi, wanaokwenda kukesha kwenye malango ya nyumba wasizoweza kuzipanga. Nairobi huwaita masoja, neno lililotoholewa kutoka jina la Kiingereza la mwanajeshi. Lugha ya mitaa imewapa cheo, na kampuni imewapa kofia ya cheo hicho.

Je, kwa nini kampuni ya ulinzi imvike mlinzi bereti na si kofia pana ya kumkinga jua la mchana na ukungu wa alfajiri? Jibu ni kwamba mteja hanunui ulinzi peke yake, bali pia sura ya ulinzi. Mlinzi huyo mara nyingi ana rungu na king'ora tu. Bereti, beji na buti ndizo zinazokopa haiba ya askari wa serikali na kuiweka langoni. Hapa ndipo kilemba cha ukoka kinapopata mahali pake. Mnamo Januari 2024 mamlaka ya kusimamia sekta hiyo ilitangaza mshahara wa chini wa shilingi 30,000 kwa mwezi kwa walinzi wa Nairobi. Waajiri walipinga na suala likaishia mahakamani. Kichwa kilikwisha kuvishwa heshima zamani, ila mfuko ulikuwa bado unasubiri hukumu.

Si haki, lakini, kumwona soja kuwa mvaaji asiye na lake. Wapo wanaoilowesha bereti yao na kuilaza kwa ustadi uwezao kumpendeza sajini yeyote. Wapo wanaoivaa wima kama chungu, kana kwamba kusema: nimepewa, sikuitaka. Mpita njia anayejua kusoma huona tofauti hiyo kabla ya salamu.

Tatu, Toi na mitindo

Njia ya bereti kuingia katika mitindo ya vijana haikupitia jeshini moja kwa moja, bali kwa waasi. Picha mashuhuri ya Che Guevara, yenye bereti na nyota, ilipigwa na Alberto Korda mjini Havana tarehe 5 Machi 1960. Imewahi kupamba matatu, fulana na kuta za Nairobi, na huenda wengi wa wanaoivaa hawajui kwamba mwenye picha alikuwa na jina la Kiswahili. Mwaka wa 1965 Che alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana mashariki mwa Kongo, na katika kikosi chake cha Wacuba majina ya siri yalikuwa namba za Kiswahili. Kamanda Víctor Dreke aliitwa Moja. Che mwenyewe, ili asitambulike, akajiita Tatu. Vita hivyo vilishindwa kabla mwaka haujaisha, na Che akaandika kumbukumbu zake akiwa amejificha Dar es Salaam. Kwa hiyo uso unaouzwa Nairobi kama alama ya mapinduzi ya mbali uliwahi kuitika kwa Kiswahili.

Kijito cha pili kilitoka Marekani. Chama cha Black Panther, kilichoanzishwa Oakland mwaka wa 1966, kiliiweka bereti nyeusi juu ya nywele za asili zilizoachwa zikasimama, na huo ulikuwa uvumbuzi wa kweli. Kofia ya jeshi ilikuwa imekusudiwa kichwa kilichonyolewa. Juu ya nywele nyingi za Kiafrika haiwezi kulala kama jani, lazima ielee. Mtindo huo ulirudi duniani kote mwezi wa Februari 2016 wacheza ngoma wa Beyoncé walipouvaa mbele ya mamilioni ya watazamaji. Kwa wasichana wa Nairobi wenye misuko, misokoto au nywele fupi za asili, bereti imekuwa mojawapo ya kofia chache zisizoharibu kazi ya msusi.

Soko la Toi, kando ya Ngong Road, ndipo mahali pazuri pa kuuona mchanganyiko huu. Belo la kofia likifunguliwa, wateja wa mapema huchagua zile bora, ambazo wachuuzi wa mitumba huziita kamera, na miongoni mwazo hutokea bereti za sufu za rangi zote, pengine na alama ya mahali beji ilipong'olewa. Soko hilo limeungua zaidi ya mara moja, likiwemo lile janga la ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kila mara limesimama tena. Katika maduka ya Westlands na Kilimani kofia ya aina ile ile huuzwa ikiwa mpya na kwa bei ya juu. Mafundi cherehani nao wameitoa sufu kabisa na kuishona bereti kwa kitenge, na hapo ndipo imepoteza chembe ya mwisho ya kambi. Hali ya hewa imesaidia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti humpa mtu sababu ya kuvaa sufu kichwani bila ya kuombwa maelezo.

Nani ana haki ya kuivaa?

Sheria ya kanuni za adhabu ya Kenya, iliyorithiwa kutoka wakati wa ukoloni, inamkataza raia kuvaa sare za majeshi au polisi, au vazi linalofanana nazo. Inashangaza kuona kwamba sheria hiyo hiyo imewaacha nje waigizaji walio jukwaani. Mtu anaweza kuvaa sare katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, lakini akivuka barabara nayo anakuwa mkosaji. Sheria, bila kukusudia, imekiri kwamba sare ni igizo na kwamba kinachoiogopesha serikali ni igizo kutoka jukwaani.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mwanamuziki Robert Kyagulanyi, maarufu kwa jina la Bobi Wine, aliingia bungeni mwaka wa 2017, na bereti nyekundu ikawa alama ya wafuasi wake. Alipokamatwa mwezi wa Agosti 2018, wanaharakati waliandamana katikati ya Nairobi kudai aachiliwe, na rangi nyekundu ikaonekana barabarani upande wa waandamanaji. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ya Uganda ilitangaza katika gazeti lake rasmi kwamba bereti nyekundu ni vazi la jeshi, na raia atakayekutwa nayo angeweza kushtakiwa. Neno moja, kwa lugha ya isimu, lilikuwa limepata maana mbili zinazopingana, nayo dola ikaamua kuifuta moja kwa amri. Uamuzi huo haukufaulu sana, kwa kuwa kampeni za uchaguzi wa Januari 2021 zilisheheni wekundu. Kwa Mkenya aliyekua akiikimbia nyekundu ya GSU, kuiona rangi hiyo hiyo ikiwa ya wanaokimbizwa kulihitaji mazoea mapya ya kusoma.

Nairobi yenyewe imeingia katika hatua nyingine. Katika maandamano ya vijana ya Juni na Julai 2024 dhidi ya mswada wa fedha, malalamiko makubwa hayakuhusu bereti bali kutokuwapo kwake. Watu wenye silaha walionekana wakiwa na nguo za kiraia, nyuso zimefunikwa kwa boshori na barakoa, wakiwakamata vijana na kuondoka nao katika magari yasiyotambulika. Boshori ni kofia ya sufu kama bereti, na hushonwa au kufumwa kwa uzi ule ule. Tofauti ni kwamba bereti huacha uso wazi na kuweka beji juu ya jicho, ilhali boshori huteremka na kuufuta uso wote. Familia zilizokuwa zikiwatafuta vijana wao hazikuweza kusema ni kikosi gani kilichowachukua, kwa kuwa hapakuwa na rangi ya kutajwa wala beji ya kukumbukwa.

Mwezi wa Agosti 2024 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitoa amri ya muda iliyowataka polisi wanaosimamia maandamano wasifiche utambulisho wao. Walioipeleka kesi hiyo ni wa upande ule ule uliokuwa ukiikimbia bereti nyekundu katika miaka ya 1990. Ombi lao, likisemwa kwa lugha ya kichwani, lilikuwa kwamba askari avue boshori, avae sare yake, na jina lake lisomeke kifuani.